Mistari Saba ya Siku ya Ishirini na Tatu

Tik-tik-tik-tik, halafu pengo, halafu tik-tik-tik-tik tena.

Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya jua kuzama, nami nilikuwa jikoni napapasa kabatini kutafuta mshumaa. Sauti ilitoka kwenye korido. Nilijua ni Kijino, binti yangu wa miaka mitano, tuliyempa jina hilo tangu jino lake la mbele lilipong'oka kabla ya wakati wake. Alikuwa amechuchumaa gizani kando ya baiskeli ya baba yake, anazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Baiskeli ilikuwa na siku tatu tu tangu irudi kutoka msituni, na tope lilikuwa bado limeganda kwenye keria.

"Kijino, acha. Utabanwa vidole."

"Inaongea, mama. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mshumaa nilikuwa nimeshaupata, kiberiti kilikuwa mkononi, lakini sikukiwasha.

Gurudumu la nyuma la baiskeli lina friwili, kile kidude cha chuma kinacholia unapoacha kukanyaga pedeli. Friwili nzima hulia mfululizo, kama mbaazi zinazomwagwa kwenye sinia. Hii ilikuwa na pengo. Kila mzunguko ilimeza jino moja. Na pengo hilo nililijua kama nilivyokijua kikohozi cha marehemu mama, kwa sababu nililala nalo chumba kimoja miaka sita. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaegesha baiskeli yake ubavuni mwa kitanda changu, maana kwetu hapakuwa na mahali pengine, na kila alfajiri alipoitoa, sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha kwenda kuchota maji.

Friwili ya mdogo wangu ilikuwa kwenye baiskeli ya mume wangu.

Walikuwa wameondoka wawili, kuuvuka msitu wa mvua kwa baiskeli kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, siku arobaini na moja. Wazo lilikuwa la mume wangu. Yeye ni karani wa ghala. Kutwa kuchwa anaandika mizigo inayokwenda mahali ambapo yeye haendi. Mdogo wangu ni fundi baiskeli. Ndiye aliyesuka magurudumu yote manne, spoku kwa spoku, amekaa kwenye kigoda mlangoni petu huku Kijino akimshikia kopo la vifaa. Baiskeli ya mume wangu aliifungia friwili mpya. Yeye akabaki na ile yake ya zamani, akasema wameshazoeana, talaka ni gharama.

Mdogo wangu alirudi peke yake, wiki moja kabla ya mwenzake, juu ya lori la mbao. Alikuwa amekonda, na gurudumu la nyuma la baiskeli yake lilikuwa limepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Alipoulizwa alisema, "Liliniishia njiani," hakuongeza neno. Mume wangu aliporudi alimwongezea yaliyobaki: gurudumu la shemeji lilivunjika siku ya ishirini na tatu, na shemeji mwenyewe alikuwa keshachoka, akageuza. Tangu hapo karakanani wakamwita Nusu Safari. Mteja akileta gurudumu la kusukwa, mafundi wenzake wanamuuliza kwa sauti kubwa, "Nusu Safari akusukie, au unataka kufika?"

Utani ungevumilika. Lakini Mama Spoku, mwenye karakana, alikuwa anafungua karakana ya pili upande wa pili wa mji, na kabla ya safari alikuwa amemwahidi mdogo wangu funguo zake. Sasa alikuwa anasema atalitangaza jina Jumamosi, baada ya mume wangu kuwasimulia watu safari. Alitaka kusikia kwanza. Fundi ambaye gurudumu alilolisuka kwa mkono wake linavunjika chini yake, naye anakimbia, huyo ni wa kufikiriwa mara mbili.

Kumbe gurudumu lililovunjika halikuwa lake.

"Mama, mbona huwashi?" Kijino akauliza.

Nikawasha.

*

Kesho yake mchana nilimwacha Kijino kwa jirani nikaenda karakanani na bakuli la chakula. Pale ndani pananukia gundi ya mpira na chai iliyochemka kupita kiasi. Minyororo inaning'inia ukutani, tairi kuukuu zimerundikana hadi dirishani. Mdogo wangu alikuwa ameinamia beseni la maji, anazamisha tyubu kutafuta tundu.

"Dada, umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukulisha. Umebaki mifupa na kaptula."

Akacheka. Nikangoja mafundi wengine watoke kwenda kunywa chai, kisha nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baiskeli iliyo kwenye korido yangu ina gurudumu lako."

Hakuinua kichwa. Tyubu ilitoa mapovu upande mmoja, akaweka kidole hapo. "Magurudumu yanafanana, Dada."

"Kwa macho. Hayalii sawa."

Kidole kikabaki palepale. Nikaona maji yanatulia.

"Usinifanye mtoto," nikasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu."

Ndipo akasema, taratibu, kama anayechomoa mwiba. Siku ya ishirini na tatu walikuta gogo limelala njiani, limeota kuvu, nene kama kitanda. Yeye akasema washuke wabebe. Mume wangu akasema hapana, shika simu unipige picha nikiruka.

"Akaruka. Picha ikatoka nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Anaelea hewani kama ndege, miguu kwenye pedeli, mzigo wote nyuma. Halafu akatua juu ya mzizi. Hakuna fundi chini ya jua anayesuka gurudumu la kuruka magogo na kilo thelathini."

"Ukampa lako."

"Tulilala hapohapo, na mvua. Alilia, Dada. Sikuwahi kumwona analia. Alisema akirudi nusu, ghalani watamcheka mpaka siku ya kustaafu. Nikamwonea huruma. Tukapatana hivi: mbele yetu siku mbili kulikuwa na mji mdogo wenye duka la baiskeli, na malori ya mbao yanapita. Anunue rimu, ile duara ya nje ya gurudumu, aipakie kwenye lori, mimi niisuke, nimfuate. Nyuma yetu kidogo kulikuwa na kambi ya wakata mbao, nikarudi kungojea hapo."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja." Akaitoa tyubu majini akaipangusa kwa fulana yake. "Lori likija nasimama barabarani nimenyoosha shingo. Madereva wakanizoea. Mwishowe walikuwa wananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo."

Nilimtazama vidole, vilivyokuwa na makovu mapya, na nikakumbuka kwamba mume wangu alipofika nyumbani jambo la kwanza alilouliza ni kama shemeji bado amenuna.

"Kwa nini umenyamaza?"

"Yule ni baba yake Kijino. Wewe unalala naye nyumba moja, mimi nalala na spana. Nani ana cha kupoteza zaidi?" Akatabasamu, lakini halikufika machoni. "Na wewe usiseme. Nakuomba kwa jina la mama. Utani utaisha, watapata mwingine wa kumcheka."

"Na funguo?"

Alipiga msasa kwenye tyubu kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. "Mji huu una milango mingi."

Mama Spoku akaingia na kikombe chake. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mwanamasumbwi. Karakana aliirithi kwa mumewe, na ufundi anao kumshinda marehemu. "Mwenye bakuli, na mimi umenifikiria, au mapenzi yote ni kwa damu yako?" Akainua kifuniko, akachota kijiko kimoja bila kukaribishwa. "Jumamosi nakuja kumsikiliza bwana wako kwa masikio yote mawili. Huyu mdogo wako mikono yake dhahabu, mdomo wake kufuli. Sijui hata nimfikirie nini."

Mdogo wangu alinitazama. Macho yake yalisema, usithubutu.

*

Mimi ndiye niliyekuwa naandika masimulizi ya mume wangu. Ni mwaka wangu wa tatu wa masomo ya jioni, na mwandiko wangu unasomeka. Wa kwake unafanana na nyayo za kuku. Kusema anajua, akiwa nyumbani. Mbele za watu anatetemeka, ndiyo maana alitaka karatasi ya kusoma. Kwa hiyo jioni tatu mfululizo tulikaa mezani, yeye anasema, mimi naandika, Kijino anachora nyani pembeni.

Na niseme kweli: niliipenda safari ile. Nilikuwa sijawahi kumsikia mume wangu akizungumza hivyo. Alisema ndani ya msitu mvua ikikatika juu, chini inaendelea kunyesha kwa saa nzima, kwa sababu majani yana zamu zao za kudondosha. Alisema vipepeo walitua kwenye fulana yake kunywa jasho, na kwamba ukisimama dakika tano unaota ruba miguuni kama vifungo vya koti. Walivuka mto kwa magogo matatu yaliyofungwa, baiskeli kichwani. Kulikuwa na ndege aliyelia kama mlango wa ghala, na asubuhi ya kwanza mume wangu aliruka kutoka usingizini akidhani amechelewa kazini. Hapo tulicheka sote watatu, Kijino mpaka akapata kwikwi.

Kisha, Alhamisi, tukafika siku ya ishirini na tatu.

"Andika: siku hiyo gurudumu la shemeji lilivunjika, akaamua kurudi."

Nikaweka kalamu chini. "Friwili ya baiskeli yako inaruka jino."

"Tope hilo."

"Baba Kijino."

Alichukua penseli moja ya rangi ya Kijino, akaichonga kwa wembe, akaichonga hata pasipohitaji kuchongwa.

"Amekwambia yeye?"

"Gurudumu limeniambia. Yeye nimemlazimisha."

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alizungumza akiitazama ile rangi. Alipofika mji ule, lori lilikuwa limeondoka asubuhi hiyohiyo. Jingine, baada ya siku sita. Duka lilikuwa na rimu moja tu, ya saizi nyingine. Angekaa siku sita, mvua kubwa zingewakuta wote wawili ndani, na likizo yake ingeisha. "Nilimwachia mwenye duka ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Kwamba rimu ikija, aipeleke kambini."

"Anaitwaje huyo mwenye duka?"

Hakujua. Hakuwa amemuuliza jina.

"Mdogo wangu alisimama barabarani siku kumi na moja."

"Najua," alisema. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya yule kijana niliyemkubali, aliyenisindikiza kwenye darasa langu la kwanza la jioni akabaki nje mpaka saa tatu ili nisirudi peke yangu. "Miaka tisa naandika mizigo ya watu. Siku moja tu, moja, nilitaka niwe mimi niliyefika."

"Na uwe. Nani anakunyang'anya? Sema tu ulifika kwa gurudumu la nani."

Kijino aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwa nyani wake.

"Acha nafasi," mume wangu akasema mwishowe. "Nitalisema mwenyewe, kwa maneno yangu, siku yenyewe. Jambo kama hili si la kusoma kwenye karatasi."

Nilimwamini. Mwalimu wetu wa jioni hutuambia kwamba usipojua jibu, usijaze uongo. Ruka mistari, uache mahali pake, jibu litakuja. Nikaandika "Siku ya ishirini na tatu" na kuipigia mstari. Chini yake nikaacha mistari saba. Nilipima kichwani: ukweli wote, ukisemwa bila haraka, usingezidi hapo. Usiku huo nililala vizuri. Nilijiona mwanamke mwenye bahati, ambaye mumewe amekosea na anakwenda kujirekebisha mbele za watu, jambo ambalo wanaume wengi hawaliwezi hata mbele ya kioo.

*

Jumamosi alasiri darasa letu la jioni lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Walikuja wa ghalani, wakaja mafundi wote, majirani, na wanafunzi wenzangu wawili walioniletea kiti cha mbele kama bibi harusi. Baiskeli ilisimamishwa jukwaani, imeoshwa inang'aa. Picha zilirushwa ukutani kwa projekta tuliyoazima shuleni hapo. Mdogo wangu alisimama nyuma kabisa, mlangoni, mikono kifuani. Nilikuwa nimemtumia ujumbe: Njoo, leo mambo yatanyooka. Alikuwa hajajibu, lakini alikuja.

Mume wangu alianza kwa kutetemeka, akazoea. Alisoma vizuri. Watu walimeza kila neno.

"Ulikutana na simba?" mmoja akapiga kelele.

"Simba msituni kwenye tope anatafuta nini, ameambiwa kuna mkopo?" mwingine akamjibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Picha ya gogo ikaja ukutani. Mume wangu hewani, mwili umenyooka, majani ya kijani nyuma yake, matone ya maji yameganda kila upande kama shanga. Watu walipiga makofi mpaka madawati yakatikisika. Wa ghalani walisimama. Mimi nilitazama mlangoni. Mdogo wangu naye alikuwa anaitazama picha, picha aliyoipiga yeye, na uso wake haukuwa na kitu.

Mume wangu aligeuza karatasi. Nilijua ni ile.

"Siku ya ishirini na tatu," alisoma.

Akanywa maji. Akaitazama mistari yangu saba, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. Nilimwitikia kwa kichwa kumpa moyo, kama ninavyomfanyia Kijino akiwa juu ya bembea anaogopa kushuka. Midomo yake ilifunguka. Naapa ilikuwa imefunguka kusema.

"Hapo ndipo Nusu Safari alipogeuza!" mtu wa ghalani akadakia, na watu wakacheka.

Kicheko hicho kilimfungulia mlango mwingine, naye akaingia.

"Ndiyo," alisema, na tabasamu likamjia. "Hapo ndipo tulipoachana na shemeji yangu. Gurudumu lake lilishindwa. Jamani, msitu hauna huruma. Nilimkumbatia, nikamwambia, nitafika kwa niaba yetu wote."

Makofi tena. Sikumbuki niliamua nini. Nakumbuka nilimshusha Kijino mapajani, nikamketisha kwenye kiti, nikasimama.

"Sivyo ilivyokuwa," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, lakini ukumbi ulinyamaza. Nikasema yote. Gogo, picha, mzizi, nani aliyempa nani gurudumu lake, siku kumi na moja barabarani. Sikutukana, sikulia. Haikuzidi mistari saba.

Mume wangu alisimama na karatasi mkononi kama mtu aliyekamatwa na barua ya mwenziwe. Mama Spoku akageuka kwenye kiti chake, akamtazama mdogo wangu kule nyuma.

"Wewe. Njoo hapa mbele."

Akaja. Watu walimpisha.

"Gurudumu lililovunjika lilikuwa la nani?"

Mdogo wangu alinitazama. Alimtazama Kijino, aliyekuwa anamchekea na pengo lake. Kisha akamtazama mume wangu, muda mrefu, na mume wangu akayashusha macho kwenye sakafu. Sekunde hizo zote mume wangu alikuwa na mdomo. Angeweza kusema neno moja tu.

"Langu," mdogo wangu akasema.

"Nakuuliza mara ya pili, na sasa nakuuliza kama fundi."

"Langu, Mama. Dada yangu amechanganya. Nilimsimulia vibaya nikiwa na homa."

Minong'ono ikaanza. Mtu akasema, "Makubwa haya." Mume wangu akavuta pumzi, akajichekesha, akasema kwa ule wepesi wa mtu aliyetolewa shimoni: "Mke wangu anasoma masomo ya jioni, jamani. Siku hizi anapenda kutunga."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa nafuu, kama watu walioogopa mvua ikapita kando. Wanafunzi wenzangu tu ndio hawakucheka. Mmoja wao alinishika mkono, nami nikakaa chini.

Mama Spoku hakucheka. Alinyanyuka, akaikaribia baiskeli pale jukwaani, akalizungusha gurudumu la nyuma, akaisikiliza friwili aliyokuwa anaisikia karakanani kila siku ikimeza jino lake, kama mtu asomaye sahihi. Alimwangalia mdogo wangu kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Karakana ya pili nampa mwingine," alisema, na akamtaja fundi mmoja, kijana mwenye bidii asiye na kosa lolote. "Fundi ambaye hajui gurudumu lake ni lipi, siwezi kumkabidhi funguo."

*

Nje jua lilikuwa bado kali. Uwanja wa shule ulijaa watu wanaopeana mikono. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta wa choo cha wanafunzi, mahali pekee penye kivuli.

"Nilikwambia usiseme," alisema.

"Kwa nini umejikana?"

"Ningesema kweli, leo ungelala wapi, Dada?"

"Hilo ungeniachia mimi."

Nilikuwa sijawahi kumwambia neno kali hivyo, na nililisema huku natamani kumkumbatia. Watu wawili walikuwa wamekaa kikao juu ya maisha yangu, mmoja kwa kunidanganya, mwingine kwa kunikinga, na katika hao wawili sikujua bado ni nani aliyeniumiza zaidi. Nilijua tu kwamba mwezi wa kumi na moja nina mtihani, na kwamba nitaufanya.

"Utafanya nini sasa?" nikamuuliza.

"Jumatatu nina tyubu ishirini za kuziba. Nusu Safari hakosi kazi." Alijaribu kucheka. "Usinitazame hivyo. Nimezoea kungoja."

Mume wangu akaja anasukuma baiskeli. Watu walimpiga mabega, akawaitikia bila kuwatazama. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefika popote. Alisimama hatua tatu kutoka kwetu, akaishikilia breki kana kwamba uwanja ule una mteremko.

"Shemeji," alisema.

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa.

"Shemeji, mimi..." Neno likamkwama. Nilingoja. Hata wakati ule, baada ya yote, nilingoja. Mtu wa ghalani akapita akapaza sauti, "Shujaa wetu huyo!" na mume wangu akajibu, "Asante, asante sana," na lile neno lingine akalimeza pamoja na mate, likarudi lilikotoka.

"Twende nyumbani, Mama Kijino," alisema polepole. "Tutazungumza nyumbani."

"Tangulia."

"Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Leo wamekuja kwa ajili hiyo."

Ndipo akamwinamia Kijino, akamnyanyua, akamkalisha kwenye keria. Tangu baba yake aondoke, Kijino alikuwa haongei kingine ila siku atakayopandishwa kwenye baiskeli iliyovuka msitu. Majirani wote walikuwa wamechoka kuisikia. Mume wangu aliushika usukani kwa mkono mmoja, mgongo wa mtoto kwa mwingine, akapiga hatua ya kwanza kuelekea getini. Nilibaki nilipo. Mdogo wangu alivaa kofia yake, akaanza kuondoka kwa upande wa pili, njia ya karakanani, mikono mifukoni.

Kijino alimtazama mjomba wake akienda. Akanitazama mimi. Akaziona nyuso za watu wazima, akazipitia moja moja. Kisha akaanza kujinyonganyonga, akateleza kwenye keria kwa tumbo mpaka viatu vyake vikagusa vumbi, gauni limempanda mgongoni. Baba yake alisimama, mkono wake bado uko hewani mahali mgongo ulipokuwa.

"Nini tena, mama? Si ulikuwa unataka kupanda?"

Kijino alilivuta gauni lake likashuka, akamtazama baba yake bila hasira yoyote.

"Nataka kutembea na Mjomba."